Kamera Iliyobebwa Mgongoni

Jumatano, 2 Julai

Nilikwenda Makambako kununua viatu vyeupe vya Brightness vya kipaimara. Nimerudi na kamera.

Nieleze vizuri, maana mume wangu Efraimu ameniuliza mara tatu na mara zote tatu nimeeleza vibaya. Nilikuwa na sweta tatu za shule nilizofuma mwenyewe. Mpango ulikuwa niziuze mnadani, halafu viatu. Upepo wa Makambako unajulikana. Kijana wa mitumba alikuwa anatetemeka mpaka masufuria yake yanagongana. Katikati ya masufuria ikawepo kamera nyeusi. Akasema imetoka Japani, ilikuwa ya daktari, na daktari hawezi kukaa na kitu kibovu. Akaiwasha. Ikatoa pua kama konokono. Yeye akaangalia sweta zangu, mimi nikaangalia kamera yake. Tukabadilishana. Alivaa sweta mbili palepale, moja juu ya nyingine, ya tatu akajifunga kichwani.

Viatu si neno. Brightness atavaa vya dada yake Elina. Vimepauka kidogo upande mmoja. Asimame kwa upande mwingine.

Efraimu haelewi kwa sababu yeye ni fundi seremala, akitengeneza meza anaiona. Mimi nina watoto watatu. Elina alipata kipaimara, mpiga picha akaja, akampanga, akamwambia inua kidevu, akaondoka na picha mpaka leo. Jofrey naye hivyohivyo, mpiga picha yuleyule, kwa kuwa alisema safari hii ataleta zote pamoja. Niliwahi kumwona Ilembula stendi. Alinunua ndizi kwa muda mrefu sana ili asigeuke. Brightness ni wa mwisho. Sina mwingine wa kujaribia. Nataka picha ya mtoto wangu akiwekewa mikono na mchungaji, niitundike ukutani, basi.

Daftari hili ni la Jiografia, lilibaki kurasa. Kanipa Brightness. Amesema, mama, hayo unayomsimulia baba mpaka anasinzia, yaandike. Nimeishia darasa la nne lakini kuandika naweza. Ninachoshindwa ni kufupisha.


Alhamisi, 3 Julai

Kamera haijui Kiswahili. Hilo nilitegemea. Haijui Kiingereza pia. Brightness ameisoma akaniambia hayo si maandishi aliyofundishwa na mwalimu yeyote. Ni Kijapani. Vijumba vidogovidogo vyenye paa, kama mabanda ya kuku yaliyopangwa na mtu makini.

Ugonjwa wa pili. Ikipiga picha tano, ya sita inaganda. Pua nje, kioo cheusi, haisikii kitufe. Dawa ni kuitoa betri na kuirudisha. Ukiirudisha inaamka kama mlevi, inaamini leo ni tarehe moja Januari 2008. Na inaandika hivyo kwenye kona ya picha. Brightness ameona picha yake akasema hapa bado sijazaliwa. Efraimu ameona yake akasema afadhali, hapa bado nina nywele.

Lakini Mungu hamnyimi mtu akili zote. Nimepata njia. Menyu siisomi, naihesabu, kama ninavyohesabu mishono ya sweta. Mimi sijawahi kusoma kitabu cha kufuma, mama yangu alinifundisha kwa hesabu, na hesabu haina lugha. Nikabonyeza mpaka nikajua, nikaandika hapa:

Kuwasha taa ya kumulika: chini nne, kulia moja, chini mbili, katikati, katikati.

Kuzima: hivyohivyo.

Nimeimba mpaka nimeishika. Efraimu ameanza kuiimba naye akipiga randa, hajui hata ni ya nini.


Jumapili, 6 Julai

Nimefanya jambo.

Baada ya ibada wazazi wa watoto wa kipaimara tulibaki. Watoto kumi na tisa, siku yenyewe Jumapili ijayo. Tukagawana kupamba, kupika, maji ya kunawa. Ikafika picha. Mama Fredy, yaani Telesia jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akasema tusihangaike, shemeji yake wa Mafinga atakuja, ana kamera kubwa ya begani. Alisema begani huku akiniangalia mimi. Sijui kwa nini aniangalie mimi.

Miguu ilisimama kabla ya kichwa. Nikasema hatuna haja ya kumsumbua mtu wa Mafinga wakati mpiga picha tunaye humuhumu. Mchungaji akauliza nani. Nikasema mimi. Nikasema nina kamera ya Japani. Nikasema ilikuwa ya daktari. Nikasema picha nitazitoa wiki hiyohiyo, na hakuna mzazi atakayemfuata mtu Ilembula.

Wazazi wengine waliwahi kuliwa hela na yule wa Ilembula. Wakapiga makofi. Mchungaji akasema Bwana asifiwe. Telesia naye akasema Bwana asifiwe, ila yake ilikuja nyuma sana, kama mwangwi kutoka mlima mwingine.

Efraimu alipiga hesabu njia nzima mpaka mlangoni. Ndipo akauliza, watoto kumi na tisa, inaganda kila baada ya tano, hiyo ni mara ngapi? Nikamwambia asiingize mahesabu siku ya Bwana.


Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Watu wamepumzika, mimi sijapumzika.

Nimefanya mazoezi na kuku kumi na tisa. Kuku wangu ni saba, wengine niliwaita kutoka kwa Telesia kwa kumwaga pumba uani kwangu. Kuku wa tano, poa. Wa sita, kamera ikaganda. Toa betri, rudisha, Januari 2008. Kuku wa kumi na moja, hivyohivyo. Nikiwa nimeshika betri kwa meno, Telesia akachungulia ukutani akauliza, mama Brightness, kuku wangu nao wanapata kipaimara? Nikamjibu nawapiga picha ya bima. Sijui imetoka wapi. Ameondoka anafikiria.

Jioni nilimpigia mzee Ambrose. Huyu alikuwa fundi wa mawasiliano ya reli Makambako mpaka alipostaafu. Vipaza sauti vya kanisa vikikohoa anaitwa yeye. Nikamweleza dalili zote kama kwa daktari, inaganda, inasahau tarehe, inatoa pua. Akasema hiyo si mashine, ni programu yake ya ndani, imezeeka. Kamera ina akili ndogo ndani yake iliyowekwa kiwandani, na akili hiyo ina mpya yake. Inataka kuapdetiwa. Nikauliza, kama kumpeleka mtu semina? Akafikiri. Akasema ndiyo, mama, kama semina.

Sikulala kwa furaha. Kumbe haijafa, imekosa semina.


Jumanne, 8 Julai

Makambako tena. Nilimpelekea mzee Ambrose parachichi nane, akala moja hapohapo akiifanyia kazi kamera kwa mkono mwingine. Karakana yake iko karibu na reli, treni ya mizigo ikipita vitu vyote vinahama kidogo mezani, yeye anavirudisha bila kuangalia.

Ameitafuta dawa kwenye kompyuta yake ndogo. Amesema bahati yangu, kamera ya aina hii ilikuwa na ugonjwa huohuo dunia nzima, wenyewe wakatoa programu ya kuuponya, imekaa huko kwenye mtandao miaka yote inanisubiri. Nilitokwa na machozi kidogo. Nikauliza kama itajifunza na Kiswahili. Akasema hapana mama, hata ikipona itapona kwa Kijapani.

Akaliweka faili kwenye kadi ya kamera. Kamera ikakataa, betri imebaki mstari mmoja, haikubali kwenda semina na njaa. Na Makambako umeme haukuwepo tangu asubuhi. Nikangoja mpaka saa kumi. Gari za kurudi Njombe zinajaa mapema. Mzee akasema basi nenda ukafanye nyumbani, na akaniandikia kwa herufi kubwa:

CHAJI IJAE KABISA. FUNGUA MENYU, NENDA MPAKA HAPA (akachora kijumba chenye mguu). KUBALI. USIIZIME MPAKA IMALIZE, HATA NYUMBA IKIUNGUA.

Akanirudia kwa mdomo. Programu ikikatwa katikati, kamera inakuwa tofali. Akasema ameona matofali mengi. Na asingependa kuona la kwangu.


Alhamisi, 10 Julai

Jana nilichaji kutwa. Leo nikakubali, kamera ikanionyesha mstari mfupi wa mabanda ya kuku na kukataa. Mara nne.

Nimempigia mzee. Akauliza faili liko wapi. Nikasema liko salama, maana jana nilipita kwa dada wa steshenari hapa mjini nikamwomba aliweke ndani ya folda nzuri yenye jina langu, lisije likadondoka. Nilisikia treni yote ikipita. Halafu mzee akasema kwa upole, mama, kamera inamtafuta mgeni sebuleni, wewe umemfungia chumbani. Faili linatakiwa likae nje ya kila folda, peke yake, wazi. Nikasema lakini nje ndiko vitu vinakoibiwa. Akasema si kwenye kadi.

Nimerudi steshenari. Dada amelitoa. Amenicheka bila kufungua mdomo, pua tu.

Telesia ameniuliza kama shemeji yake aje tu, akae pembeni kama akiba. Nikamwambia akiba ni ya mtu mwenye wasiwasi. Kisha nikaenda chooni kuwa na wasiwasi.


Ijumaa, 11 Julai

Siku ndefu. Naiandika yote.

Niliamka alfajiri ili kusiwe na mtu wa kunisumbua. Baridi ya kweli, majani uani meupe kwa barafu, ndoo ya maji imefunga kioo juu. Chaji imejaa toka jana. Nikaketi mezani, nikasali, nikafika kwenye kijumba chenye mguu, nikakubali. Ukatokea mstari mrefu mtupu, ukaanza kujaa wino taratibu kama chupa ya mafuta ya taa. Robo. Karibu nusu. Nusu. Ukasimama.

Nikangoja. Kioo kikaanza kufifia. Alama ya betri ambayo ilikuwa imejaa ikashuka mpaka mstari mmoja, mbele ya macho yangu, bila sababu. Nikaona tofali. Nikaona watoto kumi na tisa, na shemeji wa Mafinga ana kamera begani.

Efraimu akatoka chumbani na blanketi. Hakushtuka. Akasema hata simu yake karakanani asubuhi za Julai inazima ikiwa na chaji, akiiweka kwapani inafufuka. Betri inasikia baridi kama mtu.

Basi. Mtoto akisikia baridi, unamfanyaje? Nikachukua kitenge, nikaifunga ndani ya taulo, nikaibeba mgongoni. Nikaikaza vizuri. Nikaingia jikoni, nikalipa jiko mgongo na kuanza kumenya viazi. Kila baada ya dakika Efraimu anafunua kitenge anachungulia. Nusu. Bado nusu. Nusu na kidogo. Aliposema na kidogo, nilitikisatikisa mabega kama unavyombembeleza mtoto. Sikukusudia. Mwili unajua kazi yake.

Na huyo Telesia. Kaja kuomba chumvi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nani anakula chumvi saa hizo? Akanisalimia, kamwene. Nikaitikia kamwene. Akaangalia mgongo wangu. Akauliza, mama Brightness, umejifungua lini? Nikasema ni mgongo tu, unaniuma, nimeweka chupa ya maji ya moto. Akasema pole, chupa yenyewe ina pembe. Nikasema ni ya kisasa. Hapo mgongo ukalia. Pi. Pi. Akarudi hatua moja. Efraimu, ambaye tangu tuoane sijamsikia akidanganya, akasema maji yamechemka.

Alipoondoka na chumvi yake tukafungua kitenge. Mstari umejaa wote. Kamera ikajizima yenyewe, ikajiwasha yenyewe, ikatoa pua. Nimepiga picha ishirini na mbili mfululizo za viazi. Haikuganda hata mara moja. Nimemkumbatia Efraimu mbele ya watoto, jambo ambalo hatufanyi.

Mchana wamekuja akina mama watano kuniombea mgongo. Mmoja kaleta dawa ya kuchua. Nimechuliwa. Ningefanyaje?

Mzee Ambrose amenipigia jioni. Amefurahi. Amenielekeza kwa simu nikaweka tarehe. Akasema ila programu mpya wakati mwingine hupanga menyu upya, huongeza mstari huku na huku, kwa hiyo niipitie yote taratibu kabla ya Jumapili. Nikasema ndiyo, mzee. Amesema tena. Nikasema ndiyo tena.


Jumamosi, 12 Julai

Sikuipitia. Nilikuwa na viatu vya Elina vya kupaka rangi na mboga za watu tisini za kukata. Na hesabu ninayo, imeandikwa kwa wino. Hesabu ya sweta haibadiliki kwa sababu mtu amebadilisha sindano.

Nimelala nayo ndani ya blanketi. Efraimu kapewa ukingo.


Jumapili, 13 Julai

Namshukuru Mungu kwa yote. Kwa yote kabisa, hata yale.

Kanisa limejaa, maua ya mlangoni hadi madhabahuni, watoto weupe kama maziwa. Nimevaa gauni la bluu na kamera shingoni. Watu wananipisha. Nikajua sasa wanavyojisikia wakubwa. Mtoto wa kwanza akapiga magoti, mchungaji akamwekea mikono, nikapiga. Wa pili. Wa sita, haikugandaa. Nimeandika a mbili kwa furaha. Fredy wa Telesia alipiga chafya palepale mikono ilipogusa kichwa chake, chafya kubwa, mchungaji akafumba macho, mimi nikabonyeza. Wa kumi na nne ni Brightness wangu. Nililia lakini nilipiga, sita, yeye tu sita. Wote kumi na tisa nikawamaliza. Picha sabini na tatu.

Kisha maombi. Mchungaji akanionyesha kwa kidole, taa hiyo basi sasa. Ni haki yake. Nikaanza kimoyomoyo, chini nne, kulia moja, chini mbili, katikati. Kamera ikauliza kitu. Haikuwahi kuuliza. Mstari mmoja wa mabanda ya kuku na alama nyekundu. Nikajisemea ni heshima za semina. Katikati.

Ikafikiri kidogo. Halafu kioo kikaandika 0.

Sifuri ninaijua. Sifuri ni sifuri hata Japani.

Walikuwa wanasali, mimi nimesimama. Nikageuza kamera, nikaitikisa, nikaisikiliza. Brightness aliniona kutoka mbele, akajua. Mtoto wa mwisho anamjua mama yake kwa mabega. Ibada ilipoisha nikaenda kwa mchungaji kabla miguu haijanishauri vinginevyo. Nikamwambia mchungaji, nimefuta. Akauliza nimefuta nini. Nikasema watoto.

Ilibidi nirudie mbele ya wazazi wote. Nilisema imefutika, kisha nikajisahihisha, nikasema nimefuta mimi. Nilitegemea Telesia aseme la Mafinga. Hakusema. Alikuwa anatazama sakafu na anahesabu kitu kwa vidole.

Mchungaji alisugua paji la uso. Akasema baraka hairudiwi, ile imeshapokelewa na imeandikwa juu. Lakini picha yake si baraka, inaweza kurudiwa. Akawaita watoto wote wapange mstari upya, wapige magoti mmoja mmoja, yeye ataweka mikono bila maneno. Akaongeza, mama Brightness, usiguse kitu chochote isipokuwa kile cha kupigia.

Nikawapiga upya. Na naandika ukweli, zilikuwa nzuri kuliko za kwanza. Mara ya kwanza watoto walikuwa na hofu, nyuso zimekaza kama wanachomwa sindano. Mara ya pili walikuwa wameshabarikiwa, wametulia, wengine wanacheka. Mchungaji mwenyewe alishaanza kutabasamu kwa njaa. Fredy alipofika, Telesia alimfuta pua kwanza, akamnyoosha kola, akamwambia ukithubutu. Fredy akatoka kama waziri.

Alipofika Brightness, kwikwi ya kilio ikanishika, picha zote ukungu. Telesia akaja akaninyang'anya kamera. Akasema nenda ukapige magoti na mwanao, wewe mwanamke, utalilowesha hilo jicho la Mjapani. Nikapiga magoti. Akatupiga mbili.

Tukiwa kwenye wali akanivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama zile za kwanza zimepotea zote kabisa, hazirudi. Nikasema zote, na nisamehe. Akauliza hata ya Fredy. Nikasema hata ya chafya. Akashika mkono wangu akasema Bwana asifiwe, na safari hii ilikuja mapema. Akaniongezea nyama.


Jumatatu, 14 Julai

Nimempelekea mzee Ambrose kadi, labda zile za kwanza zinaweza kufufuliwa. Sikumwambia Telesia.

Ameangalia menyu. Programu mpya imeongeza mstari mmoja juu, kwa hiyo hesabu yangu iliangukia chumba cha pili, na chumba cha pili ni cha kufuta kila kitu. Ile alama nyekundu ilikuwa inauliza una uhakika? Nikasema nilikuwa na uhakika. Akasema aliliona hilo.

Akasema pia kilichofutwa kinaweza kurudi kama hukuandika juu yake. Nikamwambia tulirudia kupiga zote. Akasema basi mmeandika juu yake. Hata hivyo akaichimba kadi saa nzima. Amepata picha kumi na moja. Si za watoto. Ni za mwenye kamera wa zamani, na hakuwa daktari. Ni bibi wa Kijapani, mdogo, kofia ya majani, yuko kwenye shamba la kabeji, hapa amechuchumaa, hapa amesimama amenyanyua kabeji moja kama mtoto. Picha tisa zilizobaki ni za kabeji tupu. Kabeji zake zina hali nzuri. Amezipanda kwa kuachanisha zaidi yetu.

Nimemwomba mzee anitengee picha yake moja.


Jumapili, 27 Julai

Picha zimetoka zote, nimegawa mlangoni pa kanisa, kumi na tisa kwa kumi na tisa. Hakuna aliyekwenda Ilembula. Ile ya mimi na Brightness tumepiga magoti nimeitundika sebuleni. Viatu upande uliopauka havionekani. Bibi wa kabeji nimemweka chini yake kidogo, wageni wanauliza ni ndugu wa upande gani.

Baada ya ibada mama Avelina wa kwaya alisimama akatangaza mwanawe anaoa Jumamosi hii, Mdandu, na picha atapiga mama Brightness, maana sasa tuna mtu wetu. Watu wakapiga makofi. Telesia alipiga kuliko wote.

Mzee Ambrose nilimwambia habari hii kwa simu. Akasema hongera, kamera imetulia, hesabu mpya niiandike vizuri, na nisiguse kitu. Sasa kwa nini akaendelea kuongea? Akataja, kwa kupita tu, kwamba ameona wenyewe walitoa programu nyingine baada ya ile. Mpya kuliko mpya. Akasema siihitaji kabisa. Nikasema ndiyo, mzee.

Dada wa steshenari amenishushia faili. Sebuleni, wazi, si chumbani.

Efraimu ameuliza kwa nini nisiiache kamera ikiwa nzima. Nimemshangaa, baba wa watoto watatu. Mtoto hapelekwi chanjo akiwa anaumwa. Anapelekwa akiwa mzima.

Semina ni Ijumaa alfajiri, kabla ya kuondoka kwenda Mdandu. Kitenge nimeshafua.